Uwanja wa mtaa unaokunywa mvua: hatua za msanifu mandhari, kuanzia kipimo hadi matunzo

Mwongozo huu umeandikwa kwa msanifu mandhari aliyeanza kazi karibuni na kupewa kiwanja cha wazi katikati ya makazi: nyumba pande tatu, barabara upande mmoja, watu wengi, bajeti ndogo. Tumechukua mfano wa uwanja wa mita za mraba 2,000 jijini Dar es Salaam. Tanga, Zanzibar na Mombasa hesabu zitakuwa karibu hizo hizo. Nairobi, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, kuna tahadhari za ziada na tutazitaja.

Msimamo wetu ni kwamba maji huchorwa kwanza. Kiini cha uwanja ni bustani ya mvua, yaani beseni la kina kifupi lililopandwa mimea, ambalo hupokea maji ya mvua na kuyanywesha ardhi; humu tunaiita bustani tu. Viti, taa, miti na michezo ya watoto vitapata nafasi yake ukishajua mvua inaingia wapi, inatuama wapi na inatokea wapi. Aliyechora viti kwanza hulazimika baadaye kuyaondoa maji kwa zege, na akishafika hapo bustani yake haina tena ekolojia yoyote.

1. Nenda mvua ikiwa inanyesha

Ramani ya mpima ardhi haionyeshi mfuniko wa chemba uliozibwa na mifuko, wala bomba la paa la jirani linalomwagia uwanjani. Nenda wakati wa masika, Machi hadi Mei, au vuli, Oktoba hadi Desemba. Chukua vijiti vyenye utepe. Choma kijiti kila mahali maji yanapoingilia, kisha weka vingine kuzunguka dimbwi likiwa limejaa. Rudi kesho yake uone dimbwi limebaki na ukubwa gani.

Ikiwa umepewa kazi kiangazi, soma alama. Mstari wa tope ukutani unaonyesha kimo cha maji. Mchanga laini uliojikusanya kama ulimi unaonyesha yalikotoka. Halafu waulize mama lishe na mafundi baiskeli wanaoshinda pale, maana wao wanajua ni mwezi gani huhamisha meza zao.

Siku hiyo hiyo anza kuhesabu watu: saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni, siku moja ya kazi na Jumapili moja. Chora kila njia ya mkato iliyokwisha kukanyagwa. Njia hizo usizibadilishe bila sababu nzito. Ukipanda ua juu ya njia ya mkato, ndani ya mwezi kutakuwa na pengo, na miche ya pembeni itakanyagwa pamoja nalo.

2. Jua ardhi ni ya nani na mtaro ni wa nani

Uwanja kwa kawaida uko chini ya manispaa, lakini ukingo wa barabara ya mtaa utakaoukata ili kuingiza maji uko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Mabomba ya maji safi na maji taka ni ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, na nyaya ni za TANESCO, shirika la umeme. Andika barua mapema kwa kila mmoja na uombe mchoro wa vilivyozikwa chini, hata kama utapewa mchoro wa zamani. Pitia pia ofisi ya serikali ya mtaa kabla ya kuweka kijiti cha kwanza. Mwenyekiti akisikia habari za mradi kutoka kwa mtu mwingine, utapoteza wiki nyingi za bure.

Kama kuna mto au mkondo karibu, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004: ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bahari hairuhusiwi shughuli ya kudumu, au inayoweza kuharibu mazingira hayo. Hapo panda mimea, na ujenzi upeleke mbali.

3. Pima mteremko na udongo

Kama hakuna fedha ya mpima ardhi, mpira wa maji wa fundi ujenzi unatosha: mpira mwangavu wa mita 15 hadi 20, uliojazwa maji bila kubakiza kiputo cha hewa. Pima kila mita 5 kwa mita 5, uandike tofauti za kimo kwa sentimeta. Kwenye uwanja ulio tambarare, sentimeta 10 ndizo zinazoamua maji yaelekee bustanini au mlangoni kwa mtu.

Udongo upime kwa njia mbili. Ya kwanza ni chupa: jaza theluthi moja udongo, ongeza maji na tone la sabuni, tikisa sana, kisha iache itulie. Mchanga hutua ndani ya dakika moja, tope laini ndani ya saa mbili hivi, mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi. Pima unene wa kila tabaka.

Ya pili ndiyo yenye uzito, yaani kipimo cha unywaji:

- Chimba shimo la upana wa sm 30 hadi kina ambacho kitakuwa sakafu ya bustani, kwa mfano sm 80.
- Kwangua kuta za shimo kwa msumari. Koleo huzipiga lipu, na ukuta uliopigwa lipu haunywi.
- Jaza maji, yaache yaishe. Jaza tena. Kipimo cha kwanza kitupe, kwa sababu udongo mkavu hunywa haraka kwa muda tu.
- Mara ya pili simamisha rula na usome maji yanashuka milimita ngapi kwa saa.
- Rudia sehemu tatu tofauti, uchukue kipimo kidogo kuliko vyote.

Kipimo ulichopata kigawe kwa mbili, kwa sababu tope la miaka ijayo litapunguza kasi. Kikiwa chini ya mm 25 kwa saa kabla ya kugawa, weka bomba la kutolea maji chini ya bustani. Kuanzia 25 kwenda juu huna haja ya bomba. Ukizidi 150, jambo la kawaida kwenye mchanga wa pwani, maji yatapita bila kuinywesha mimea, kwa hiyo utaongeza mboji.

Angalia pia maji ya ardhini. Toboa hadi mita moja chini ya sakafu uliyokusudia, ikiwezekana wakati wa masika. Sakafu ikae angalau sm 60 juu ya maji hayo. Kaa mita 3 kutoka msingi wa jengo na mita 10 kutoka shimo la choo. Choo cha shimo kikipokea maji ya bustani yako hufurika, na mtaa mzima hautasahau. Kwenye udongo mweusi wa Nairobi ongeza umbali kutoka msingi, na upande ulioelekea jengo tandika karatasi nzito ya plastiki wima, ili udongo wa chini ya nyumba usilowe na kukauka kila msimu.

4. Hesabu ya maji

Hapa wengi hukisia, ilhali hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja.

Tuseme mapaa na pevingi (matofali ya kutandika chini) vinavyomwaga maji uwanjani vina mita za mraba 400. Tunataka kupokea mvua ya mm 25. Asilimia 10 hivi hupotea kwa kulowanisha na kukauka:

400 × 25 × 0.9 = lita 9,000, yaani mita za ujazo 9.

Bustani inahifadhi maji mahali pawili: juu, kwenye beseni la kina cha sm 20, na ndani ya udongo wa sm 50 ambao tunauhesabia nafasi tupu ya asilimia 20, yaani sm 10 nyingine. Jumla sm 30. Gawa 9 kwa 0.3, unapata mita za mraba 30: urefu mita 10, upana mita 3, ukipima katikati ya mteremko wa kingo. Kingo zilale kwa uwiano wa 1 kwa 3, ili mtoto akiteleza aweze kupanda mwenyewe.

Hakiki muda wa kukauka. Udongo ukinywa mm 25 kwa saa, kwa hesabu ya nusu ni 12.5. Beseni la mm 200 litakauka kwa saa 16. Mbu huhitaji takriban wiki moja kutoka yai hadi kuruka, hata kwenye joto la pwani, kwa hiyo beseni linalokauka ndani ya saa 24 halizalishi mbu. Andika hesabu hiyo kwa ukubwa kwenye ukurasa wa kwanza wa wasilisho lako, kwa sababu swali la mbu litaulizwa katika kila mkutano, na ni swali la haki kabisa.

Mvua kubwa kuliko hapo lazima ipate njia. Kwa mvua ya mm 100 kwa saa, mita hizo 400 zitaleta lita 10 kwa sekunde. Bomba la inchi 4 kwenye mteremko wa asilimia 1 halitoshi. Tumia la inchi 6. Mdomo wa chemba ya kufurikia ukae sm 20 juu ya sakafu ya beseni, mwisho wa upande wa pili kutoka maji yanakoingilia, na ukingo wa bustani uwe sm 10 juu zaidi ya mdomo huo.

5. Chora watu

Sasa kaa na karatasi. Njia kuu iwe na upana wa m 1.8, viti viwili vya magurudumu vipishane. Mteremko wa njia usizidi 1 kwa 20; palipobana sana, 1 kwa 12 pamoja na kishikio. Kiti kiwe na kimo cha sm 45, egemeo, na mkono mmoja angalau, kwa sababu mzee hawezi kuinuka kwenye benchi tupu. Acha sm 90 pembeni mwa kiti kwa ajili ya kiti cha magurudumu au kigari cha mtoto.

Kuhusu kivuli, Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mchana jua liko karibu utosini, na mti wowote wenye taji pana utafaa. Linaloumiza ni jua la saa tisa hadi saa kumi na moja, linaloingia chini ya taji kutoka magharibi. Panda mti magharibi mwa kiti, mita 3 hadi 4 kutoka kilipo. Miti ya mashoki, ile mirefu myembamba inayopendwa sana mijini, haina kivuli cha kutosha hata kwa mtu mmoja. Iache iwe ukuta wa kijani, isiwe miti ya kupumzikia.

Bodaboda wapewe mahali pao kwenye mchoro, penye pevingi, kivuli na ukingo wa kukalia, karibu na barabara. Usipowapa watajichagulia, na watachagua bustani kwa sababu ndiko kuna kivuli. Mama lishe wanahitaji bomba la maji na mahali pa kumwaga maji ya vyombo. Maji hayo yaende kwenye mfumo wa maji taka: mafuta ya kukaangia huziba udongo wa bustani kuliko tope.

Seti ya michoro ya kukabidhi: ramani ya hali ilivyo na ya mapendekezo kwa 1:200, mikato ya bustani kwa 1:50, na vipande vya ukingo, mdomo wa maji na chemba kwa 1:10. Kila namba ya kimo iandikwe. Fundi hafuati rangi nzuri za kompyuta, anafuata namba.

6. Chimba na ujaze

Kinachoua bustani nyingi ni mpangilio mbaya wa kazi. Bustani ichimbwe mwisho, pevingi zikishalazwa na udongo wote mtupu ukishafunikwa. Ikitangulia, mvua moja italeta tope la ujenzi na kuziba kila kitu kabla ya uzinduzi. Kama ratiba inakulazimisha, ziba midomo ya maji kwa mifuko ya mchanga, na uifungue siku ambayo kazi zote zimekwisha.

Mashine isiingie ndani ya shimo. Isimame pembeni na kufikia kwa mkono wake. Sakafu ikishafikiwa, ivunjwevunjwe kwa reki ya meno marefu au sululu hadi sm 15, kwa sababu ndoo ya mashine huisugua ikawa ngumu.

Matabaka kutoka chini, pale bomba linapohitajika:

- kokoto safi zilizooshwa sm 20, ndani yake bomba la PVC la inchi 4 lenye matundu, lenye kifuniko cha kuzibulia kinachochomoza juu;
- kokoto ndogo za mm 3 hadi 10, unene sm 10;
- udongo wa kuchanganywa sm 50;
- matandazo ya mbao zilizosagwa au majani makavu sm 5.

Usiweke kitambaa cha kuchujia kati ya udongo na kokoto. Wauzaji watakushauri uweke, lakini chembe laini hukiziba, na kukibadilisha ni kuchimba upya. Tabaka la kokoto ndogo linafanya kazi hiyo hiyo bila kuziba.

Mchanganyiko wa udongo: mchanga mnene asilimia 60, udongo wa juu asilimia 20, mboji iliyoiva asilimia 20. Kwa mita za mraba 30 na kina cha sm 50 ni mita za ujazo 15, ongeza asilimia 15 ya kudidimia, agiza 17: mchanga 10.2, udongo 3.4, mboji 3.4. Mchanga wa ufukweni una chumvi na ni laini mno. Usiupokee hata ukiletwa kwa bei ya kutupa. Nunua kwenye machimbo yenye kibali. Samadi mbichi nayo ikatae, itaunguza mizizi na kutoa harufu. Jaza kwa matabaka ya sm 25, mwagia maji udongo udidimie wenyewe, usiushindilie.

Mdomo wa maji ndio sehemu ndogo yenye lawama nyingi. Kata ukingo wa barabara upana wa sm 50. Uso wa bustani mbele yake uwe chini kwa sm 5, la sivyo majani ya kwanza na mchanga wa kwanza vitajenga boma na maji yatapita moja kwa moja barabarani. Baada ya mdomo weka kishimo cha tope cha mita 1 kwa mita 1 chenye sakafu ya zege, kisha mawe ya sm 10 hadi 20 ya kuvunja nguvu ya maji. Sakafu ya zege inamwezesha mtunzaji kuchota takataka kwa koleo bila kukwaruza udongo.

7. Mimea

Chini ya beseni panda mimea inayovumilia kuzama siku moja na kukauka miezi miwili: ukangaga na vetiva vinaweza. Weka miche 9 kwa mita ya mraba, umbali wa sm 33. Sakafu ya beseni letu ina takriban mita za mraba 22, basi agiza miche 200 na ya akiba 20. Ukoka usiuweke humo, hushika tope na kuinua sakafu. Ukoka mahali pake ni panapochezewa. Kwenye kingo zenye unyevu mtomondo hustawi. Juu, kwenye ardhi kavu, panda mikwaju, mitondoo na mbambakofi. Mkungu una kivuli kizuri, ila majani yake mapana huziba wavu wa chemba, hivyo uweke mbali na mdomo. Mikuyu na jamaa zake iwe mita 10 kutoka bomba lolote.

Kitalu cha kando ya barabara kina miche mirefu ya kuvutia iliyokaa miaka kwenye kiriba kimoja. Pasua kiriba kimoja ukiwa hapo hapo. Mizizi iliyozunguka kama kamba itaendelea kuzunguka ardhini, na mti utaanguka miaka kumi baadaye. Chagua mche mfupi wenye shina nene.

Shimo la mti liwe pana mara tatu ya kiriba, lakini lisiwe refu kukizidi kimo. Pale shina linapopanuka kuwa mizizi pabaki usawa wa ardhi. Mti wa kivuli unahitaji mita za ujazo 15 hadi 20 za udongo usioshindiliwa. Kishimo cha mita 1 kwa mita 1 ndani ya pevingi hufunga mizizi, na mti utazinyanyua pevingi zako. Unganisha miti mitatu kwenye handaki moja la upana wa mita 2. Panda Machi. Kiangazi cha kwanza, lita 20 kwa kila mti mara mbili kwa wiki.

8. Matunzo

Yaingize kwenye BOQ (orodha ya kazi na gharama zake) kama kazi yenye bei, miezi 24, na sehemu ya malipo ya mkandarasi izuiwe hadi ipite. Mradi usio na fungu hili ni afadhali upunguzwe ukubwa kuliko kujengwa wote.

Adui wa kwanza ni usafi. Uwanja hapa kwetu hufagiwa kila alfajiri kwa fagio la chelewa hadi udongo ung'ae. Chelewa huondoa majani, kisha hukwangua tabaka la juu, na baada ya wiki chache utaona gamba jembamba, gumu, ambalo tone la mvua hudundia juu yake. Mwoneshe mfagiaji kwa macho yake: mimina kikombe cha maji kwenye gamba, kingine kwenye matandazo. Mkubaliane mpaka, pevingi zifagiwe na bustani iokotwe plastiki kwa mkono. Huko Bamburi karibu na Mombasa, ambako René Haller alianza mwaka 1971 kupanda miti ndani ya machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, udongo ulianza kurudi pale jongoo walipoletwa wayatafune majani ya mivinje yaliyoanguka. Alijaribu aina 26 za miti na tatu tu ndizo zilizosimama, mvinje ukiwa mmojawapo. Kwa hiyo nawe panda aina nyingi, uhesabu zilizobaki baada ya mwaka, kisha uongeze hizo.

Kazi za kudumu: kila wiki ya mvua chota kishimo cha tope, kila mwezi safisha wavu wa chemba na ng'oa magugu, hasa milusina inayochipua kutokana na mbegu za jirani, kabla ya masika ongeza matandazo yarudi sm 5, mwaka wa kwanza ukiisha, ondoa vigingi vya kuegemeza miti ili shina lijifunze kusimama.

Baada ya mvua kubwa ya kwanza ya kila msimu, mtunzaji aandike saa ambayo beseni limekauka. Ikizidi 24, achimbue sm 5 za juu palipo na tope, sio bustani nzima, aweke mchanganyiko mpya na kurudishia mimea. Bado likichelewa, fungua kifuniko cha kuzibulia na upitishe maji ya nguvu ndani ya bomba la chini. Mara nyingi kilichoziba ni mizizi, na huonekana hapo hapo maji yakirudi juu.